Kubadilisha treni chini ya ardhi: mbona tunatembezwa hivi?

binti_wa_mama: Habari za saa hizi wadau. Nasafiri sana na mama yangu, na magoti yanamsumbua. Kwenye ramani njia mbili zinakutana kwenye kidoti kimoja. Mkishuka sasa: korido ndefu, vidaraja vitano vya ngazi vya kupanda, kona, vidaraja vya kushuka, na lifti iko ng'ambo ya mageti ya tiketi. Hivyo vidaraja vichache ndivyo vinavyommaliza, maana havionyeshwi popote. Ni ardhi inayolazimisha, au wachoraji hawakutufikiria?

mchora_vituo: Pole kwa mama. Hii ndiyo kazi yangu, na nakwambia mara nyingi ni uamuzi wa watu. London, njia nyingi za zamani zilichimbwa na kampuni zilizokuwa zikishindana, kila moja na kituo chake. Korido zilikuja baadaye kuunganisha vitu ambavyo havikupangwa pamoja. Lakini njia ya Victoria ilipofika Oxford Circus mwaka 1969, ililazwa pale sambamba na ile ya Bakerloo: unashuka, unavuka jukwaa, unapanda. Hong Kong wamefanya vizuri zaidi. Mong Kok na Prince Edward ni vituo jirani, na njia zilezile mbili zinapita kwenye vyote. Kulingana na uelekeo wako, unachagua ubadilishie kipi, na huko ni kuvuka jukwaa tu.

Tazama pia jukwaa lenyewe. Likiwa katikati ya reli mbili, lifti moja inahudumia pande zote. Majukwaa yakiwa pembeni, zinahitajika mbili, na bajeti ikibana ile ya pili ndiyo inayosogezwa mbele, miaka na miaka. Linaniuma sana jambo hili, kwa sababu kutoboa shimo la lifti kwenye kituo kinachofanya kazi ni kazi ngumu na ghali kuliko kulichimba tangu mwanzo.

mpita_njia: Washington mwaka 1976 mahakama ilikizuia kituo cha Gallery Place kisifunguliwe pamoja na vingine kwa sababu lifti haikuwa tayari. Watu wenye ulemavu walipigania haki yao.

abiria_wa_kila_siku: Kwa sasa, dada, angalia kama jukwaani kuna ubao unaoonyesha behewa lipi linasimama karibu na lifti. Tokyo upo. Ukipanda behewa sahihi, unampunguzia mama jukwaa zima la kutembea.

binti_wa_mama: Asanteni sana, hilo la behewa naanza nalo. Na lifti ikiharibika, tangazo linatakiwa liwe wapi? Sisi hulikuta mlangoni pa lifti.

mchora_vituo: Hapo mmeshachelewa. Liwe kwenye kila kituo, kabla ya mageti, na ndani ya treni pia, ili mama ashukie kituo kingine chenye lifti nzima.