Gereji ya hapa Tabora nusura itulipue wote, kisa kumwaga petroli iliyolala

Wakuu, mwangaluka. Naandika nikiwa na hasira, kwa hiyo nikipitiliza mtanisamehe. Jina la gereji silitaji. Iko chini ya mwembe, imepakana ukuta kwa ukuta na jamaa anayechomelea mageti. Huo ukuta ukumbukeni.

Gari ni Datsun 240Z ya marehemu baba mkubwa. Nyie mnaojua Subaru tu, hii ndiyo aina iliyobeba East African Safari Rally mwaka 1971, na 1973 ikarudia ikiwa mikononi mwa Shekhar Mehta. Yetu imelala Isevya tangu 2015 na mafuta yake tenkini. Nilipofungua kifuniko nilikutana na harufu ya vanishi, petroli hamna tena pale. Nikachovya fimbo, nikakadiria kama lita 30, maana tenki lenyewe ni la lita 60. Uchafu ule ukiuruhusu upande mbele unaziba kabureta zote mbili, ndiyo maana nikataka yatolewe kabla hata ya kugusa swichi.

Kazi yenyewe ndogo! Chini ya tenki la hii gari kuna nati ya kumwagia, kiwanda kiliiweka makusudi. Unachomoa waya wa hasi wa betri, unasukuma gari mahali pa wazi mbali na moto, unatega chombo, unafungua kwa spana ya saizi yake.

Fundi kaja na spana malaya, ile ya kurekebisha mdomo iingie nati yoyote. Nikamwambia kaka, hiyo nati ina miaka 50 na ushee, ipulizie mafuta ya kulegeza kwanza, kisha tafuta boksi spana. "Bosi, sisi tumezoea." Ilipoteleza mara ya tatu kona zote zilikuwa zimelika, nati imebaki duara kama kitumbua. Hakuomba hata samahani, akaenda kuleta mpira.

Mpira akampa kijana wake, mtoto wa watu, anyonye kwa mdomo. Kavuta mara mbili, petroli iliyooza ikamjaa kinywani, nyingine akameza. Dogo anakohoa, machozi yanamtoka, mwenye gereji anacheka: "Mpeni maziwa atapike." Jamani! Aliyemeza petroli hatapishwi. Ikipanda tena ndipo inapopitiliza kwenye mapafu, na hapo ndipo watu wanapofia. Nikapakizana naye kwenye boda hadi hospitali, nauli yangu, foleni yangu.

Kurudi, nakuta dumu moja la lita 20, na halijajaa. Nyingine ziko wapi? "Zimepaa bosi, si unajua petroli." Lita kumi na ushee zimepaa kwa saa mbili, sawa.

Lakini hilo siyo lililonileta hapa. Tenki walikuwa wameshalishusha, wamelilaza kwenye tofali mbili, na yule jirani wa mageti amevuta waya wake kupitia tundu la ukuta, kashika holda mkononi, miwani kaishusha usoni. Eti wanachomelea nati nyingine juu ya ile iliyolika ili wapate pa kushikia. Nilipiga kelele hadi mama wa chapati akaacha kikaango. Wananishangaa: "Mbona unaogopa? Tumemimina, ndani hamna kitu."

Ndani hamna kitu! Wakuu, tenki lililotoka kumiminwa ndilo bomu lenyewe. Kinachowaka ni mvuke ukishachanganyika na hewa, na tenki tupu limejaa huo. Ni mzito kuliko hewa, hautoki wenyewe kwa sababu umeacha kifuniko wazi, unatuama mle ndani na mwingine unatambaa chini hadi kwenye shimo la gereji. Msamvu ya 2019, lile lori la mafuta lililolipuka Morogoro, imewatoka kichwani mapema hivi? Zaidi ya watu 100 walikufa pale, na hawa wanaita petroli "kitu tulichozoea".

Nilipochukua tenki nikaona chini kuna kipande cha sabuni ya mche kimekandikwa kuzunguka nati. Kumbe kwa kuilazimisha walishaipasua, wakaziba kimya kimya. Bili: 80,000. Nimewapa 30,000, nikapakia tenki kwenye guta, tukaachana kwa matusi. Ya kwao mengi, na yangu machache.

Ninachotafuta: fundi wa hapa Tabora, hata Nzega sawa, anayeosha tenki kwa maji ya moto na sabuni na kulijaza maji kabla ya kulisogezea moto. Kama unasema "tumezoea" usinitafute.

Dogo yuko vizuri, walimlaza usiku mmoja kumwangalia. Na kuna boda anayepaki mbele ya ile gereji, pikipiki imemgomea tangu jana jioni. Inawaka, inakohoa, inazima. Wenzake wanamuuliza mafuta aliweka wapi, anaangalia chini.