Mpango "ukitungwa" umekuwa uongo?

Mleta hoja: Wadau, jana kazini tumebishana mpaka chai ikapoa. Niliandika kwenye taarifa kwamba idara "imetunga mpango wa miaka 5". Mkubwa wetu akalipiga neno kalamu nyekundu. Eti kutunga ni kwa nyimbo na uongo, mpango "huandaliwa".

Mimi sikubali. Kabla ya wimbo palikuwa na uzi. Bibi yangu, Pangani, alikuwa akitunga asumini jioni, na hakushika ua hata moja kabla hajafunga fundo mwisho wa uzi. Ukisahau fundo, la kwanza linateleza na wenzake wanafuata. Samaki nao, wakishapitishwa ukindu matamvuani, ni mtungo. Malenga hafanyi tofauti: mizani 8 hapa, 8 pale, kina cha kati, kina cha mwisho, kila neno na zamu yake. Kwa hiyo wimbo ndio ulioazima kwa shanga. Wazulu wanasema thunga kwa kushona, na kwa Kilingala kotonga ni kushona na pia kujenga. Mzizi ni huo huo wa Kibantu, na sioni uongo ndani yake.

(Na tafadhali, mtunzi ametoka kwenye tunga kama mjenzi alivyotoka kwenye jenga. Anayetunza ni mtunzaji.)

Jibu: Ndugu yangu, asili tumekuelewa, ila msikilizaji wa leo hana uzi mkononi. Hebu kamwambie mhasibu "hesabu hizi umezitunga" uone atakavyopandisha. Neno likishachafuka sokoni, hulisafishi kwa kamusi. Mkubwa wako kasema kweli, tumia kupanga.

Mleta hoja: Kwa mhasibu nakubali, maana hesabu hukusanywa, hazitungwi. Lakini Ibara ya 64 ya Katiba ya Tanzania inalipa Bunge mamlaka ya "kutunga sheria", na mwalimu anatunga mtihani kila muhula. Nani amewahi kusikia hapo akadhani ameongopewa? Kinachoamua ni kile kinachotungwa. Halafu hilo "kupanga" unalolikimbilia, kaka, ulizia mashabiki wa mpira maana ya kupanga matokeo! Doa lipo huko pia.

Taarifa imetoka na "umeandaliwa". Pilau nalo huandaliwa. Nyie mngeandika lipi?