Reli ya TAZARA ipo, kwa nini shehena yote ipite kwenye miteremko ya Mbeya?

Ndugu wanajukwaa, naandika kwa uchungu, na sitaficha hasira yangu. Mwezi Juni 2024 lori liliyagonga magari mengine kwenye mteremko wa Simike, hapa jijini Mbeya, na watu zaidi ya kumi wakapoteza maisha. Viongozi walikuja, rambirambi zikatolewa, madereva wakaonywa. Malori yakaendelea kushuka vilevile, Mlima Nyoka, Simike, Iwambi, yakiwa na shaba ya Zambia na Kongo au mafuta na mbolea kutoka bandarini, katika barabara ileile wanayoitumia wanafunzi, bajaji na mama anayepeleka ndizi sokoni Mwanjelwa.

Tunaambiwa tusubiri njia nne za kutoka Nsalaga hadi Ifisi. Naziunga mkono, na zimechelewa mno. Lakini njia nne haziondoi mteremko, wala hazipozi breki za lori lenye matela lililotoka Dar es Salaam na kupanda Kitonga likiwa na mzigo mzito.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba sehemu kubwa ya mzigo huo ina njia yake. TAZARA, reli inayotoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, ina urefu wa kilomita 1,860, ilikabidhiwa mwaka 1976, na ilijengwa ili ibebe tani milioni 2 kwa mwaka. Upana wake ni uleule wa reli za Zambia na za nchi zilizo kusini yake, kwa hiyo behewa linaweza kuvuka Tunduma bila mzigo kuhamishwa. Pamoja na hayo yote, katika mwaka wa fedha wa 2014/15 shehena ilishuka chini ya tani laki moja. Vichwa vya treni vilikufa bila kubadilishwa, mabehewa yakapungua, njia ikachakaa hadi treni zikalazimika kwenda polepole, na kipande cha milimani kati ya Mlimba na Makambako, chenye mahandaki na madaraja mengi, kikawa kinasumbuliwa na mvua kila masika. Serikali mbili, ya Tanzania na ya Zambia, zinaimiliki nusu kwa nusu, na kila moja imekuwa ikimsubiri mwenzake atoe fedha kwanza.

Sasa kuna mkataba wa miaka 30 na kampuni ya China, wenye uwekezaji wa dola za Marekani bilioni 1.4. Swali langu kwa Wizara ya Uchukuzi ni hili, na naomba lijibiwe kwa maandishi: je, mkataba huo unamlazimisha mwekezaji kuhudumia mzigo wa Nyanda za Juu Kusini, au treni zitapita hapa zimejaa shaba huku mbao za Mafinga, viazi vya Njombe na mchele wa Mbarali vikibaki barabarani? Tunataka sehemu za kupakilia zenye vifaa na maghala ya baridi pale Makambako na Iyunga, pamoja na ratiba ambayo mkulima wa parachichi wa Rungwe anaweza kuitegemea. Tunataka pia kujua ni lini mafuta na shehena nzito za kwenda Zambia zitaanza kuhamishiwa kwenye reli, na ni nani atakayewajibika tarehe hiyo ikipita.