Nimerudi chuo baada ya kuahirisha mwaka, nakuta masta yangu imebadilishwa jina na kozi, nifanyeje?

MwalimuWaPembezoni

Wakuu habari za jioni, naombeni ushauri maana hapa nilipo kichwa kimegoma kabisa. Mimi ni mwalimu wa sekondari huko wilayani, nilidahiliwa masta ya elimu Oktoba 2023, ile ya wikiendi, nikapiga semista mbili vizuri tu nikamaliza kozi 8 kati ya 12, sapu (mtihani wa kurudia) hata moja sina, zikabaki kozi 4 na disertesheni. Baada ya hapo nikapata ujauzito wa shida, nikalazwa mara mbili, ikabidi niahirishe mwaka mzima, barua niliandika na ikajibiwa.

Sasa nimerudi kujisajili, nafungua mfumo nakuta programu yangu haipo, kuna nyingine yenye jina refu la uongozi na menejimenti ya elimu. Nikaenda dirishani, kijana wa pale akanipa karatasi ina safu mbili, kushoto kozi za zamani kulia kozi mpya, na mishale imechorwa kwa kalamu kutoka huku kwenda kule. Kozi zangu 6 zina mishale, zimekunjwa zikawa 4. Mbili zimewekewa kistari tu, Falsafa ya Elimu na Elimu Linganishi. Hiyo Falsafa ndiyo niliyokesha nayo nikapata A, leo imekuwa kistari jamani. Nimebaki naikodolea macho ile karatasi.

Kwa hesabu yao mtaala mpya una kozi 8 za krediti 15 kila moja badala ya 12 za krediti 10, kwa hiyo natakiwa nisome nne kubwa yaani krediti 60 wakati zamani nilibakiza 40 tu, na ada inahesabiwa kwa krediti. Mwisho wa karatasi kuna sehemu ya kusaini kwamba nimekubali kwa hiari yangu kuhamia mtaala mpya. Sijasaini bado. Dirisha la usajili linafungwa Ijumaa ijayo. Nina mtoto wa miezi saba na mkopo wa benki nilioulipia ada, sina pa kuchomolea hela nyingine. Naombeni mwenye uzoefu anisaidie.

Karani_Mstaafu

Pole sana mwalimu na hongera ya mtoto. Nimefanya kazi ofisi ya masomo ya uzamili miaka mingi, ngoja nikueleze taratibu maana watu wengi wanaumia kwa kutojua tu.

Kwanza USISAINI hiyo karatasi. Lakini pia usiache kujisajili, andika barua leo kwamba unajisajili huku suala lako la mtaala likisubiri majibu, ukikaa kimya hadi dirisha lifungwe hapo utakuwa umewapa sababu nyingine kabisa ya kukuzungusha.

Pili tafuta hivi vitu uviweke kwenye faili moja: barua ya udahili, barua iliyokubali uahirishe (angalia tarehe na kama inataja jina la programu), matokeo ya semista zote mbili, na prospektasi ya mwaka ulioingia. Hiyo prospektasi ndiyo mkataba wako na chuo, pale pameandikwa kozi 12 na disertesheni, na wewe ulikubali na ukalipa kwa masharti hayo.

Tatu, mtaala haubadilishwi dirishani. Unaanzia idara, unapita kitivo au ndaki, kurugenzi ya uzamili, seneti, halafu unaenda TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania). Na andiko la mtaala uliohuishwa huwa lina kipengele cha wanafunzi wa mtaala wa zamani watamalizaje. Sasa wewe omba kwa maandishi uonyeshwe hicho kipengele, barua iende kwa mkurugenzi wa uzamili kupitia kwa mkuu wa idara, nakala ubaki nayo imegongwa muhuri wa kupokelewa. Ukigombana na yule kijana wa dirishani utapoteza muda bure, hana mamlaka na wala hilo andiko hajawahi kuliona.

Na ulizia kitu kimoja watu wanasahau: je, mwaka ulioahirisha unahesabiwa kwenye muda wako wa mwisho wa masomo au hauhesabiwi? Wakujibu kwa maandishi.

Kwa nini mitaala imebadilika mingi kwa mpigo, ni kwamba vyuo vinatakiwa kuhuisha programu zao kila baada ya muda, na juu ya hapo kuna mradi wa HEET wa Benki ya Dunia ulioanza 2021, dola milioni 425, moja ya kazi zake ni vyuo vya umma kupitia mitaala iendane na soko la ajira. Jambo lenyewe ni zuri sana. Kinachokosekana ni mtu wa kukaa chini na wanafunzi walio katikati ya safari, hao ndio wanaodondoka.

Nyamizi88

Dada mimi nakushauri tofauti kidogo. Nilikuwa hali kama yako kasoro ujauzito, wakatupa kuchagua nikachagua MPYA na sijutii. Mtaala wetu wa zamani mbinu za utafiti ilikuwa inakuja semista ya mwisho, mtu unaanza propozo huku hata sampuli hujui unaichaguaje, supavaiza anakurudishia kazi imejaa wekundu mwanzo mwisho. Kwenye mpya tulifundishwa mbinu za utafiti pamoja na takwimu kama kozi moja kubwa, tukafundishwa kuchambua data kwenye kompyuta wenyewe kwa mikono yetu, disertesheni nikaandika kwa miezi 5. Wenzangu waliobaki zamani wawili mpaka leo wako sura ya tatu.

Krediti moja ni masaa 10 ya kusoma, kwa hiyo hizo 20 za ziada ni masaa 200, siyo kidogo kwa mama mwenye mtoto mchanga naelewa, lakini pima na upande wa disertesheni utaokoa kiasi gani. Usiangalie tu idadi ya kozi.

Karani_Mstaafu

@Nyamizi88 hoja yako naikubali ila wewe ULIPEWA KUCHAGUA. Huyu kapewa karatasi inasema kwa hiari yake wakati hiari yenyewe hajaiona. Ndiyo maana nasema aombe kwanza kipengele cha mpito, akishajua haki yake hata akichagua mpya atachagua kwa moyo mmoja, na anaweza kuomba hizo krediti 20 za ziada asitozwe ada.

Afisautumishi_wa_zamani

Mwalimu kuna jambo hawajaligusa. Wewe ni mtumishi, ruhusa ya masomo kwa mwajiri uliiomba kwa jina gani la kozi? Nimewahi kushughulikia faili la mwalimu mmoja, barua ya ruhusa inasema hivi, transkripti inasema vingine, mkurugenzi amebadilika, afisa elimu amehama, hakuna anayekumbuka kitu, faili likakaa mezani mwaka na miezi anaonekana kama alienda kusoma kitu ambacho hakuruhusiwa. Alikuja ofisini na bahasha ile ile karibu kila mwezi, mpaka bahasha ikachanika kona akaifunga na selotepu.

Kwa hiyo ukihamia jina jipya hakikisha chuo kinakuandikia barua inayosema wazi kwamba programu fulani sasa inaitwa fulani, kuanzia mwaka fulani, na kwamba ni mwanafunzi yule yule mwenye namba ile ile ya usajili. Nakala peleka kwa mwajiri SASA HIVI, usisubiri uhitimu. Na hakikisha hilo jina jipya lipo kwenye orodha ya programu zilizoidhinishwa na TCU, wanaiweka wazi kwenye tovuti yao.

kijana_wa_2.5

Samahani kudandia uzi wa dada. Mimi GPA yangu ya digrii, yaani wastani wa alama, ni 2.5, masta vyuo vingi wanataka kuanzia 2.7, nilikuwa nimepanga nisome PGD (stashahada ya uzamili) mwaka mmoja kwanza ndiyo niombe masta. Mwaka huu chuo nilichokuwa nimekilenga wamefunga udahili wa PGD hiyo, wanasema wanaipitia upya. Ndiyo basi tena?

Karani_Mstaafu

Siyo basi kijana. PGD ikifungwa chuo kimoja haijafungwa nchi nzima, fungua mwongozo wa udahili wa vyuo vingine uangalie stashahada za uzamili za fani yako, hata Chuo Kikuu Huria wanazo na unasoma ukiwa kazini kwako. Cha kuangalia kabla hujalipa, kile chuo unachotaka kusomea masta kinasemaje kuhusu mwenye digrii ya daraja la pasi kama wewe, maana wengine wanataka PGD ya fani ile ile siyo yoyote, na wengine wanazingatia na uzoefu wa kazi. Waandikie barua pepe, jibu lao lihifadhi.

Mzee_wa_Advansi

Nimesoma uzi wote nimekumbuka mbali. Sisi tulisoma Stashahada ya Juu, tukiita Advansi Diploma, miaka mitatu ya uhasibu, zamani ndiyo ilikuwa kozi yenyewe pale IFM (Chuo cha Usimamizi wa Fedha) na Mzumbe kabla Mzumbe haijawa chuo kikuu mwaka 2001. Baadaye vyuo vikaziondoa vikaweka digrii. Tulipata hofu kubwa, maana unashika cheti ambacho hakuna mtu anakisomea tena. Nilikuwa nanunua gazeti nasoma tangazo la kazi natafuta maneno manne tu, "au Stashahada ya Juu". Nikiyakuta natuma maombi, nisipoyakuta nakunja gazeti.

Nilichojifunza, mwanangu, tunza maelezo ya kozi ulizosoma. Siyo matokeo peke yake, yale makaratasi ya mwanzo wa semista yanayoonyesha mada kwa mada na vitabu na masaa. Nilipoenda kuomba masta waliniuliza advansi yenu mlisoma nini hasa, nikawatolea makaratasi ya kozi zote yako kwenye faili la kijani, yule mama aliyekuwa ananisikiliza akavuta kiti akayapitia moja moja, nikapita. Mwenzangu tuliyesoma naye dawati moja, ufaulu wake ulinizidi, aliambiwa aanze na PGD kwa sababu hakuwa na cha kuonyesha. Na wewe hiyo Falsafa waliyoiwekea kistari, pale ulipo una maelezo yake?

MwalimuWaPembezoni

Wazee wangu na ndugu zangu asanteni sana, Mungu awabariki. Naleta mrejesho.

Barua niliandika usiku ule ule mtoto akiwa amelala, asubuhi nikaifikisha idarani ikagongwa muhuri. Mkuu wa idara ni mama mmoja msikivu mno, aliniambia mimi siyo wa kwanza, wapo wengine wanne walioahirisha, na kipengele cha mpito kweli KIPO, kinasema waliodahiliwa kabla ya mtaala mpya wana haki ya kumaliza na ule wa zamani ndani ya muda wao wa masomo. Dirishani haikuwafikia tu. Mwaka wangu wa kuahirisha hauhesabiwi, nimepewa kwa maandishi.

Nimechagua kubaki zamani, lakini dada @Nyamizi88 maneno yako yameniingia, nimeomba niruhusiwe kukaa darasani kwenye ile kozi kubwa ya utafiti na takwimu bila kufanyiwa mtihani, mwalimu wake amekubali. Kozi zangu tatu kati ya nne zinafundishwa pamoja na mpya, nitatungiwa mtihani wangu. Hiyo ya nne haina mwalimu semista hii, nimeambiwa nisubiri.

Mzee wangu wa Advansi, maelezo ya kozi ninayo sita. Ya Falsafa na ya Elimu Linganishi sina, simu niliyokuwa nimeyapigia picha iliibiwa kwenye basi. Kama humu kuna mtu aliyesoma wikiendi 2023 akayatunza, hata kama yana madoa ya chai, naomba anicheki inboksi.