Gofia ya mashua ya zamani: ya mti, ya dukani au ya stenlesi?

MwanaManda (Lamu)
Asalaam alaykum wakuu. Naomba ushauri wa gofia ya kileleni, yaani kapi la juu ya mlingoti linalopitisha kamba ya tanga. Mashua ni ya futi 22, niliachiwa na marehemu baba, na gofia ni ileile aliyoifunga kwa mkono wake. Wiki iliyopita tukirudi kutoka Manda nililegeza henza, kamba ya kupandishia tanga, ili nilishushe, ikakwama. Nikaitikisa, ikaachia ghafla, foromali, ule mti unaobeba tanga, ikaja chini kwa kishindo na kumpita mdogo wangu sikioni. Tangu siku hiyo sijalala vizuri.

Nimeifungua. Roda, lile gurudumu la ndani, haina ufa, lakini pini ya chuma inayozungukia imelika upande mmoja hadi imekuwa kama mwezi mwandamo, na tundu la roda limekuwa umbo la yai. Ndiyo maana roda ilikuwa inalalia shavu (ubavu) la gofia badala ya kuzunguka. Kuna alama nyeusi ya kusuguana.

Naona njia tatu. Fundi anichongee mpya ya msaji. Au ninunue kapi la mabati la duka la vifaa vya ujenzi, lile la kuvutia maji kisimani. Au nichukue la stenlesi lililotumika, limetoka kwenye boti ya wazungu, lina gololi ndani na linazunguka kwa kidole. Hilo la tatu bei yake ni ya gofia tatu za fundi. Mngechagua lipi?

NahodhaKilindoni (Mafia)
La kisimani usilifunge, ndugu yangu. Mimi nililifunga. Mfereji wake ni mwembamba na kati ya gurudumu na shavu kuna mwanya. Siku ya upepo henza ilitoka mfereji, ikaingia kwenye ule mwanya ikabanwa, tanga halipandi halishuki. Ilibidi kijana apande mlingoti na kisu, bahari imechafuka. Henza yako ina unene gani?

MwanaManda
Milimita 20, mzee wangu. Roda ya baba ina kipenyo cha milimita 140.

NahodhaKilindoni
Basi marehemu alijua anachofanya. Kamba inataka roda yenye kipenyo cha mara 6 hadi 8 ya unene wake. Ukiipinda kwenye kigurudumu kidogo, nyuzi za ndani zinakatika nawe unaona za nje nzima. Lipime na hilo la stenlesi.

DadaKarakana (Mombasa)
Kaka MwanaManda, pole kwa yaliyowakuta. Mimi nakereza vyuma, naletewa sana vifaa vya boti. Watu wanaamini stenlesi haishiki kutu. Inakaa salama ikipata hewa. Ikifichwa mahali penye maji ya chumvi yaliyotuama, mfano pini iliyobanwa ndani ya mti, inatobokatoboka huku kichwa chake cha nje kinang'aa. Daraja la 316 linastahimili chumvi kuliko 304, na sumaku haitakuonyesha tofauti yao, kwa hiyo muuzaji akikuambia "nimeijaribu kwa sumaku" usiridhike. Nimeshika pini iliyokatika mkononi mwangu kama kijiti, nje safi kabisa.

Chuma cha mabati, kilichopakwa zinki, kina heri yake: zinki inaliwa kwanza, halafu kutu jekundu linachuruzika unaliona ukiwa chini. Ila usiipige tupa wala usiichonge ikae sawa, utakuwa umeiondoa zinki yenyewe.

Na gololi hizo, chumvi na mchanga wa pwani zikiingia, ni za kusafishwa kwa maji baridi kila mara. Je, utapanda mlingoti kila wiki?

FundiNungwi (Unguja)
Mwanangu, umeuliza ununue gofia gani, lakini kwa ulivyoeleza gofia yako haijafa. Kilichokufa ni pini. Mashavu yakiwa mazima, usitupe mkono wa baba yako.

Fanya hivi. Toboa tundu la roda kwa keekee mpaka umbo la yai liishe, ufike mti mzima. Tia bushi ya shaba, huyo dada anaweza kukukerezea. Pini mpya iwe nene kuliko ya zamani, iache roda icheze kidogo, kwa sababu mti ukinywa maji unavimba. Ukiibana pwani itagoma baharini. Matundu ya mashavuni uyaangalie vilevile. Kisha loweka mti kwenye sifa (mafuta ya papa) siku kadhaa, pini uipake shahamu.

Na usidharau mzigo. Foromali na tanga zikiwa kilo 80, upande wa pili henza nayo inavuta 80 kuzizuia, kwa hiyo gofia inabeba 160 kabla upepo haujagusa tanga.

Ukichonga mpya, nyuzi za mti kwenye mashavu zifuate mvuto wa kamba. Zikikingama, linapasuka.

MvuviWete (Pemba)
Mimi roda nimekata kwenye ubao wa plastiki wa kukatia nyama. Hainywi maji, inateleza, mwaka wa pili sasa. Kabla yake niliweka ya nailoni ikavimba ikakwama. Ila hii ya ubao ni ya ngalawa yangu ndogo. Kwa foromali ya kilo 80 nisingethubutu, ikikaa na mzigo mzito inabonyea.

MwanaManda
Shukrani sana wazee wangu, na wewe dada. Nabaki na gofia ya baba. Nimeipima tena: mashavu mazima, tundu la roda litafika milimita 25 ndipo likutane na mti mzima. Dada, nakuandikia vipimo vya bushi na pini ya mabati.

FundiNungwi
Vizuri. Sasa kile kitanzi kinachoishika gofia kileleni ni cha kamba gani, na ni cha lini?

MwanaManda
Cha plastiki, mzee. Cha zamani kidogo, nadhani miaka minne.

FundiNungwi
Kikunjue ukisugue kwa kidole gumba. Kikitoa unga mweupe, jua limeshakila. Badilisha kabla hujapandisha chochote, kisha itundike gofia kwenye mti hapo pwani, pandisha viroba viwili vya mchanga mara ishirini, uteremshe polepole ukisikiliza. Ikilia, ifungue tena.