Wauza magari ya umeme, mnatuletea betri zilizochoka halafu kosa mnalisukumia umeme wa Tanga!

Wakuu, heshima kwenu. Uzi ni mrefu na nimeuandika nikiwa na hasira, kwa hiyo anayetaka muhtasari apite tu.

Ndiyo, nimenunua gari la umeme. Ndiyo, niko Tanga. Na kabla hamjaanza na wimbo wenu wa "si ungechukua Toyota IST ya petroli", someni kwanza, maana gari lenyewe sina ugomvi nalo. Ugomvi wangu ni na aliyeniuzia na wenzake wote wenye yadi wanaookota Japani betri zilizozeeka, wakazipaka polishi kwa nje na kutuuzia kwa bei ya gari zima.

Niwaambie kwanza kwa nini nililitaka, maana kuna watu humu wanadhani ni ushamba wa kutaka kuonekana. Tanga mjini ni tambarare. Mikanjuni hadi Ngamiani, Ngamiani hadi Raskazone, ukatokea Kange stendi ukarudi Chumbageni, siku nzima ya mizunguko hata kilomita arobaini hufikishi. Foleni hatuna. Mji huu umeishi na baiskeli miaka yote, kwa sababu hauna milima wala umbali. Kama kuna jiji nchi hii gari la umeme lingejisikia kwao, ni hili.

Halafu pesa. Uniti ya umeme kwa sisi wa T1, kundi la matumizi ya kawaida, ni shilingi 356 hivi ukijumlisha kodi na tozo. Gari hili linakula kama uniti 18 kwa kilomita 100, ukihesabu na ule unaopotea wakati wa kuchaji. Hiyo ni shilingi elfu sita na mia nne. IST inayokwenda kilomita 13 kwa lita, petroli ikiwa karibu 2,900, kilomita hizohizo zinakula zaidi ya elfu ishirini na mbili. Sisi Tanga tunajua machungu ya petroli vizuri, kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, wadhibiti wa nishati, wanatoa bei na tuna safu yetu kabisa, Dar, Tanga, Mtwara, kwa sababu mafuta yanashuka hapa bandarini kwetu. Na bomba la mafuta ghafi la kutoka Hoima, kilomita 1,443, linakuja kuishia Chongoleani hapo ng'ambo. Mafuta yote hayo yanatupitia puani na bado tunanunua lita kwa bei ya kukata tamaa. Wakati huohuo Mto Pangani unazalisha umeme Hale tangu miaka ya sitini, na Bwawa la Nyerere limejengwa la megawati 2,115. Mtu akikaa akapiga hesabu, gari la umeme si wazimu hata kidogo.

Sasa njoo kwa mheshimiwa wa yadi.

Gari ni Nissan Leaf ya 2013, betri ya uniti 24. Nilimuuliza linakwenda kilomita ngapi. Akanijibu bila kupepesa macho: "Bosi, 228 kwa chaji moja, na si maneno yangu, ni ya Japani." Kweli, Japani imeandikwa hivyo. Asichosema ni kwamba hiyo 228 imetoka kwenye kipimo chao cha maabara kinachoitwa JC08, gari likiendeshwa polepole papo hapo juu ya roli zinazozunguka, bila kiyoyozi. Serikali ya Marekani ilipolipima Leaf la betri hiyohiyo ya uniti 24 la miaka hiyohiyo ilipata maili 84, yaani kilomita 135. Gari moja, namba mbili, tofauti yake karibu kilomita mia. Na hiyo 135 ni likiwa jipya, limetoka kiwandani jana! Hili langu limeshamaliza zaidi ya miaka kumi.

Msije kuniambia ningekagua. Nilikagua. Kwenye dashibodi ya Leaf, pembeni kulia, kuna vijiti 12 vidogo vinavyoonyesha afya ya betri, si chaji, afya. Nilivihesabu kwa kidole mbele ya muuzaji. Vyote 12 vilikuwepo. Nikachomeka na kidude cha OBD kinachosoma kompyuta ya gari, nikafungua programu ya Leaf Spy kwenye simu, nayo ikasema betri nzima.

Gari likafika Tanga juu ya mgongo wa Fuso, kwa gharama yangu, maana Dar hadi hapa ni kilomita 350 na lenyewe lisingeweza. (Cheka tu, mimi mwenyewe nilicheka.) Wiki za mwanzo raha mustarehe. Kisha kijiti kimoja kikapotea. Kikafuata cha pili. Kabla mwezi wa pili haujaisha vikabaki 8.

Nilichokuja kugundua ni hiki, na ndiyo sababu ya uzi huu. Kuna mashine ya mafundi inayoweza kufuta kumbukumbu ya kompyuta ya betri. Ikifutwa, kompyuta inajiona ina betri mpya, inawasha vijiti vyote 12, na hata Leaf Spy inadanganyika kwa sababu inasoma kilekile inachoambiwa na kompyuta. Gari likishatembea na kuchajiwa kwa muda, kompyuta inajifunza upya ukweli wake na vijiti vinaanza kudondoka. Kijiti cha kwanza kikizimika ujue umeshapoteza kama asilimia 15, vinavyofuata ni kama asilimia 6 kila kimoja. Vikibaki 8 maana yake theluthi ya betri imekwenda na maji. Hiyo 135 ya Wamarekani kwangu ni chini ya 90, ukiwasha AC ni chini ya 80, na joto la Februari hapa Tanga nani anaendesha bila AC?

Mtu amekaa, akachomeka mashine, akafuta, akaniuzia. Huu ni uleule wizi wa kurudisha nyuma kilomita za gari, ila huu wa betri, hapa kwetu anayejua kuutambua ni mmoja kwa elfu. Nimeuziwa mbuzi kwenye gunia, na gunia nilifungua nikachungulia!

Nilipompigia simu unajua alinijibu nini? "Bosi, umeme wa huko Tanga ndio umeua betri, unapandapanda." Wallahi nilikaa kimya kama dakika nzima. Umeme upandepande wiki chache uue theluthi ya betri? Betri hizi zinachoshwa na umri na joto. Leaf za mwanzo hazina mfumo wa maji wa kupoza betri, zinategemea upepo wa kutembea tu. Hili si siri, mwaka 2012 wenye Leaf kule Arizona, Marekani, jimbo la jua kali, walipiga kelele vijiti vyao vinadondoka, mpaka Nissan wenyewe wakaweka dhamana ya betri: ikishuka chini ya vijiti 9 ndani ya miaka mitano inashughulikiwa. Betri za kuanzia modeli ya 2015 zikaboreshwa zivumilie joto zaidi. Kiwanda kilikiri na kikarekebisha. Huyu wa yadi kazi yake anakuletea ya 2013 na kukuambia kosa ni la TANESCO.

Niwape ladha ya maisha ya vijiti 8. Tulikuwa na msiba ndani ya Muheza, njia ya kwenda Amani. Nikapakia mama mkwe na wazee wawili, AC imewaka kwa heshima yao. Kwenda ni kupanda, na njia ya ndani ni mbovu. Kurudi, tunaikaribia Pongwe, dashibodi ikawasha kobe. Sitanii, Leaf ikibakiwa na umeme wa mwisho inakuwekea taa ya picha ya kobe na mwendo unakuwa wa kobe kweli. Bodaboda wanatupita wanageuka kututazama. Kulivuta kwa kamba huwezi, maana magurudumu ya mbele ndiyo yenye mota, linataka kubebwa.

Tukajikongoja hadi kwa fundi wa kuchomelea mageti. Kijana muungwana, akakubali nimwongezee LUKU nichaji hapo. Nachomeka, boksi la waya wa kuchajia linawaka taa nyekundu. Nachomoa, narudia, nyekundu. Chaja hizi zina akili: kama soketi haina ethi, ule waya wa kwenda ardhini, zinakataa katakata. Na kweli, waya wa ethi wa pale ulishakatika siku nyingi, hakuna aliyejua kwa sababu mashine ya kuchomelea haijali. Fundi akachukua kipande cha nondo, akakipigilia ardhini kwa nyundo, akafunga waya mpya, akamwagia ndoo ya maji pale chini. Taa ikawa ya kijani. Tukakaa kwenye benchi masaa mawili, mama mkwe na baibui lake katikati ya cheche za geti la mtu. Akaniuliza, "Mkwe wangu, hili gari linakunywa nini hata lisishibe?" Nikakosa la kumjibu.

Nyumbani nako kuna mambo ambayo muuzaji hakuyataja hata moja. Waya wa Japani plagi yake haiingii kwenye soketi zetu, ukibadili ukaweka plagi ya kawaida ya 13A, mzigo ni kama ampea 14 mfululizo usiku kucha. Ya kwangu iliyeyuka, harufu ya plastiki iliamsha nyumba. Fundi umeme akaja kuvuta laini ya peke yake kutoka kwenye mita, waya wa mm 4, swichi yake yenyewe, ethi yake mpya. Ikatulia. Lakini hiyo ni gharama, na kwenye yadi unaambiwa "unachaji kama simu". Simu gani ya ampea 14?

Na wenye nyumba za D1, kundi la watumiaji wadogo, ile ya uniti 75 kwa mwezi kwa 9,150, jueni kabisa kwamba uniti 75 ni kama kilomita 400 za gari hili kabla hujawasha hata taa ya choo. Ukizoea kuzivuka unahamishiwa T1, na friji na feni na pasi vyote vinahamia nawe. Kenya hapo Horohoro tu ukivuka, tangu 2023 wana bei maalumu ya umeme wa vyombo vya moto vya umeme, na usiku ni nusu ya bei ya mchana. Sisi tunachaji gari kwa bei ya saluni.

Gereji je? Lile la "halina oili, halina plagi, halina sevisi" lina ukweli nusu. Oili ya injini hakuna kweli, breki zinadumu. Lakini kuna kimiminika cha kupoza mota, kuna bushi na shokabsoba za barabara zetu, na kuna kibetri kidogo cha volti 12 ambacho kikifa gari zima halipokei hata ufunguo, kubwa likiwa limejaa. Kibetri hicho kilipokufa, fundi wa gereji bubu alifungua boneti akashika nyaya nene za rangi ya chungwa akauliza kama azikate "kufuatilia moto". Nilipiga kelele mpaka jirani akatoka. Zile zinabeba karibu volti 400. Simlaumu yule bwana, hakuna aliyemfundisha. Namlaumu anayeingiza magari haya nchini kwa mamia ya maneno matamu na sentensi moja ya tahadhari hana.

TBS, watu wa viwango, kama mnapita humu: mnakagua breki, taa na matairi ya gari lililotumika. La umeme bila kipimo cha betri mmekagua nini? Betri ndiyo gari. Iwekwe karatasi ya kipimo halisi, uniti ngapi zimeingia kutoka sifuri hadi kujaa, kwa mita, si kwa vijiti. Gari litozwe ushuru wa uchakavu, lakini uchakavu wenyewe mnunuzi asionyeshwe?

Nyongeza, maana meseji zimekuwa nyingi:

Anayeuliza kama anunue: kwa mizunguko ya mjini hata hili langu bovu bado linanilipa, kila wiki naona kwenye pochi. Ila tafuta ya uniti 40, zilianza mwishoni mwa 2017, na usiguse ya kabla ya 2015 hata ukipewa kwa mkopo. Usiamini vijiti. Mwambie muuzaji ajaze hadi 100, uendeshe mwenyewe mpaka 50, uhesabu kilomita. Akikataa, ondoka.

Mkuu unayesema tusubiri vituo vya kuchajia barabara ya Segera: mimi kati ya hapa na Chalinze sijaona hata kimoja, na kikija hakikisha kina CHAdeMO, ile plagi ya chaji ya haraka ya Kijapani, la sivyo wenye Leaf tutakiangalia tu kwa macho.

Mwenye yadi, najua unausoma, jana ulininyamazisha WhatsApp. Risiti ninayo, na picha ya vijiti 12 nilipiga siku ileile na tarehe yake. Tume ya Ushindani wameshapokea barua yangu.

Ninachotafuta sasa: betri hii ina moduli 48, yaani vipande, si lazima zote zimekufa. Kuna fundi Mombasa nasikia anazifungua na kubadili zile dhaifu moja moja. Aliyewahi kupeleka gari kwake aje inboksi aniambie alilipa kiasi gani na limekaa muda gani.