Mradi wa kidato cha sita: uwasilishwe kwa Kiswahili au Kiingereza?

Mwalimu wa kemia, Rungwe
Msimamo wangu ni Kiingereza. Mtihani wa taifa wa kemia wanaujibu kwa Kiingereza, ripoti ya mradi imeandikwa kwa lugha hiyo, na chuoni watakutana nayo tena. Dakika 10 za kusimama mbele ya majaji ndiyo nafasi yao ya kuizoea.

Mzazi, Uyole
Shikamoo mwalimu. Vijana wamepima uchachu wa udongo kwenye shamba la viazi la jirani. Jirani huyo kaalikwa, kakaa kiti cha mbele, na anatoka ukumbini hajui kama atie chokaa ya kupunguza uchachu au aache. Sasa walipima kwa ajili ya nani?

Afisa ugani, Iringa
Mnagombea lugha, na wengi wanakwama kabla hawajafungua mdomo. Tuuchukue mradi huohuo wa udongo. Konzi moja ya udongo haiwezi kusemea ekari nzima. Chota sehemu 10 hadi 15 ukienda zigizaga, kina cha sentimeta 0 hadi 20, ukikwepa vichuguu, kingo za njia na palipolundikwa samadi. Changanya kwenye ndoo ya plastiki, anika kivulini, chekecha kwa chekeche la milimita 2. Gramu 20 za udongo ziingie kwenye mililita 50 za maji yaliyotoneshwa (ya bomba yana chumvi zake, yatakudanganya). Koroga, acha dakika 30, koroga tena ndipo upime. Kipima pH (pH ni kipimo cha uchachu: namba ikishuka, uchachu umezidi) kisahihishwe kwanza kwa vimiminika vya pH 4 na pH 7. Rudia mara 3.

Halafu lile kosa ambalo jaji makini halikosi: "Baada ya chokaa pH ilipanda kutoka 5 hadi 6, sawa na asilimia 20." Hapana! Kila namba moja ya pH ni mara 10. Ioni za haidrojeni, ndizo zinazoleta uchachu, zimepungua hadi sehemu moja ya kumi. Na chokaa haimalizi kazi kwa wiki mbili, hasa ikiwa ya chengachenga; inataka unyevu na miezi. Aliyepima mapema asiseme chokaa imeshindwa.

Mwalimu wa kemia, Rungwe
Hilo la asilimia nakubali, linajirudia sana. Lakini afisa, huyo mwanafunzi atalielezaje kwa Kiswahili? Istilahi zipo, ila hajafundishwa nazo. Sayansi ya Kiswahili aliiachia darasa la saba. Ukimlazimisha aseme "nadharia tete" badala ya "hypothesis" atajikwaa kuliko kwenye Kiingereza.

Mzazi, Uyole
Aseme "tulidhani hivi, tukakuta vile". Nani kamdai istilahi?

Fundi wa maabara, Mafinga
Mzazi ana hoja kuliko anavyopewa. Aliyekariri aya ya Kiingereza anajulikana kwenye swali la kwanza: anarudi mwanzo wa aya. Ila kuna wanaopendekeza slaidi ziwe za Kiingereza na maelezo ya mdomo yawe ya Kiswahili; hilo silipendi. Msikilizaji anasoma huku, anasikia kule, hashiki popote. Dawa ni slaidi zenye maneno machache: 8 zinatosha, herufi zisishuke chini ya saizi 28, grafu moja kwa slaidi, na mihimili iwe na vipimo vyake. Grafu bila vipimo ni mapambo tu.

Muda: dakika 1 ya swali la utafiti, 3 za njia, 4 za matokeo, 2 za mapungufu. Vikundi vingi humaliza dakika 6 kwenye utangulizi, matokeo yakakatwa na kengele.

Kumbi zetu nyingi hazina mapazia, kwa hiyo njano na kijani hafifu vinapotea ukutani. Andika nyeusi juu ya nyeupe. Hifadhi pia kwa PDF kwenye flashi 2, maana kompyuta ya ukumbini hupangua herufi. Na grafu kuu ichorwe kwenye manila, umeme ukikatika msiwe bubu.

Mwalimu wa kemia, Rungwe
Basi nasogea hatua moja: dakika 10 kwa Kiingereza, kisha 5 za maswali ya wazazi kwa Kiswahili, na zenyewe zipewe alama.

Mzazi, Uyole
Alama hizo atatoa jaji, au mwenye shamba?

Mwalimu wa kemia, Rungwe
Jaji. Mwenye shamba aulize tu, asipoelewa jibu, jaji apunguze.